Sampuli Roshanini

Mimi ndiye niliyelisha panya wa Daktari Nvard
miaka ishirini na sita, ghorofa ya tatu, Yerevan,
na nikiulizwa alitafuta nini hasa, nasema: mkojo.
Watu hucheka. Yeye hakucheka.

Desemba ile ardhi ilipotikisika kaskazini
alikuwa na miaka ishirini na saba, koti la kuazima,
akafika Leninakan juu ya lori la viazi.
Siku ya tatu wakamfukua mwashi mmoja, Vanush,
aliyelaliwa miguu na ukuta alioujenga mwenyewe.
Alitoka akiongea. Aliomba sigara,
akaivuta nusu, akamuulizia mbwa wake.
Watu wakamkumbatia dereva wa winchi.

Jiwe lilipoondolewa, ndipo lilipoua.
Msuli uliopondwa ukafungua milango yake,
sumu ikaingia damuni bila kubisha hodi,
na chupani, chini ya kitanda, mkojo ukaja
mweusi kama chai iliyosahaulika jikoni:
kijiko kimoja,
nusu kijiko,
kisha chupa ikabaki kavu.
Jumatatu moyo wa Vanush ulisimama katikati ya neno.
Daktari hakuwahi kutuambia neno gani.

“Figo haina kilio,” alikuwa akisema.
“Jino litakuamsha, tumbo litakusokota,
figo hufa kama mpangaji asiyetaka kusumbua majirani.
Tukipima damu tunapata habari za juzi.
Mimi nataka habari za leo.”

Basi hiyo ndiyo ikawa kazi.
Protini moja, ndogo, ambayo chembe iliyoumia
huiangusha mkojoni kabla ya lolote kuonekana.
Tulibana mshipa wa panya nusu saa, tukaachia,
tukakinga matone, mimi nikiomba radhi kimoyomoyo.

Ikaja miaka ya giza. Umeme saa moja kwa siku,
friza ikawa kabati.
Alibeba visanduku hadi nyumbani kwake,
akavipanga roshanini, juu yake theluji,
juu ya theluji sufuria, paka wasije.
Ndani, mama yake alikuwa anang’oa sakafu ya mbao
ubao kwa ubao, kuwashia jiko.
Usiku Daktari huamka, hugusa theluji kwa kiganja
kama wengine wanavyogusa paji la mtoto mwenye homa.
Machi ya pili jua liliwahi, siku moja tu, yeye akiwa wodini.
Sampuli mia nne na kumi na mbili.
Alinisimulia akifuta meza. Hakuacha kufuta.

Aliyesema mvumilivu hula mbivu
hakuwahi kungoja jibu la wahariri.
Makala yalirudi mara saba.
Dawa aliyoibuni baadaye iliponya panya wangu wote;
kwa binadamu haikushinda maji ya chumvi.
Alitusomea matokeo, tarakimu kwa tarakimu,
akatuma mtu akanunue keki.
“Kwa kuwa sasa tunajua,” alisema,
na keki yake hakuigusa.

Kila kiangazi alizunguka vituo vya zimamoto
na kadi ndogo za mfukoni: Maji kwanza, jiwe baadaye.
Si uvumbuzi wake, hilo alilirudia mpaka tukachoka.
Ulikuwa uchungu wake tu, umechapwa kadi elfu tatu.

Mwaka jana, wiki ya kustaafu, simu ikalia.
Gyumri, jengo jipya, zege limemwangukia kijana.
Walimtundikia dripu kwanza, wakanyanyua baadaye,
na mkojo wake wameupima kwa kijiti chetu.
“Rangi?” akauliza Daktari.
Kimya kirefu. Namwona amesimama, nywele nyeupe,
mkono mmoja bado ndani ya glavu.
“Kama majani makavu.”
“Wa lini?”
“Wa leo, Daktari. Wa asubuhi hii.”

Akakaa juu ya kreti la chakula cha panya.
Nilitaka kusema kitu kinachofaa, sikukipata.
Ikabidi nimwombe ainuke:
panya walikuwa hawajala.